Zuhura, yale majibu ya kinyama cha titi usiyatupe

Detroit, Michigan

Mdogo wangu mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kutoka huku. Mfikishie mama shikamoo yangu, umwambie hela ya bati itaingia wiki ijayo. Sisi wazima, ila baridi inatuonea.

Nilipopata ujumbe wako kwamba ule uvimbe wa titini si kansa, nilimshukuru Mungu kwa sauti. Lakini uliponiandikia "basi, yameisha," nikaona bora nikae chini nikuandikie vizuri. Kwa uvimbe ule yameisha kweli. Kwa mwili wako inategemea maabara waliona nini kwenye kile kinyama walichokukata kukipima, na hilo hukuniambia.

"Si kansa" ina mambo mengi ndani yake. Kuna faibroadenoma ya kawaida, kivimbe wanachopata sana wasichana, ambacho hakiongezi hatari ya kutisha. Kuna uvimbe ambao seli zake zimezaliana kupita kiasi ingawa bado ziko sawasawa. Huo huongeza hatari ya saratani mara moja na nusu hadi mara mbili. Halafu kuna wenye atipia, yaani seli zimeanza kubadilika sura na mpangilio. Hapo hatari hufika kama mara nne, na katika kila wanawake 100 wa namna hiyo, karibu 30 hupata saratani ndani ya miaka 25. Wote hao siku ya majibu huambiwa neno lilelile: si kansa.

Haya nimeyajua kwa jirani yangu, mama wa Kimarekani mweusi ninayempeleka kliniki kwa gari. Karatasi yake ya maabara anaitunza kwenye faili la plastiki pamoja na hati ya nyumba, na mstari wenye neno atipia ameupigia kalamu nyekundu. Kila akikutana na daktari mpya, anaitoa kwanza hiyo kabla hajaulizwa chochote. Hapa hapa Detroit, watafiti waliwafuatilia wanawake weusi zaidi ya 1,400 waliowahi kutolewa kinyama cha titi kisicho na saratani, wakakuta kwamba aina ya uvimbe ndiyo inayoonyesha nani yuko hatarini zaidi.

Naye ana sababu ya kuwa makini. Wanawake weusi wa Marekani hawaugui saratani ya titi kuwazidi wazungu, wako chini kidogo hata, lakini wanakufa zaidi kwa karibu asilimia 40. Wengi hugundulika wamechelewa, bima zinasumbua, na ile aina kali isiyosikia dawa za homoni huwapata karibu mara mbili ya wazungu. Inaniuma sana, maana hospitali kubwa ziko hapo hapo mtaani kwao.

Sasa usije ukazichukua hesabu zake zote ukajivika. Daktari mpasuaji Lisa Newman na wenzake walilinganisha wagonjwa wa Michigan, Ghana na Ethiopia. Ghana, zaidi ya nusu walikuwa na aina hiyo kali. Ethiopia ilikuwa kama asilimia 15 tu, karibu sawa na wazungu wa huku. Afrika si damu moja, na sisi wa mashariki hatujachunguzwa vya kutosha. Ila kuchelewa ni kwetu kabisa: wengi wanaofika Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, hufika ugonjwa umeshasambaa. Shangazi unamkumbuka. Alisema kile kivimbe chake hakiumi, akakiacha. Saratani ya titi mwanzoni mara nyingi haiumi, Zuhura.

Basi nenda pale ulipotolewa kinyama ukaombe nakala ya majibu ya maabara. Wakikuzungusha, usiondoke, ni majibu yako. Muulize daktari: ni uvimbe wa aina gani, una atipia au hauna, na nirudi lini? Umeshapita 40, umri ambao huku tangu 2024 wanashauri mwanamke aanze mamografia, yaani picha ya eksirei ya matiti, kila baada ya miaka miwili. Kama ina atipia, nijulishe siku hiyo hiyo, tupange safari ya Dar; nauli na kipimo nitalipa mimi. Na lolote jipya ukiliona, hata kama ni upande ule ule na unadhani ni kovu, usisubiri hadi mwezi mwingine.

Piga picha karatasi yote, mbele na nyuma, unitumie. Nisalimie watoto na shemeji.

Dada yako,
Mwanaidi