Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vinywaji vya Watoto Katika Vituo Vyetu vya Malezi, Lamu

Ndugu wanachama, mama zangu na dada zangu mnaolea, Assalamu alaikum.

Mahesabu atayasoma mhazini, kwa hiyo sitayagusa. Langu ni la kinywaji. Mwaka tuliuanza kwa kukubaliana kwamba soda, juisi za pakiti na unga wa juisi visivuke mlango wa kituo. Vimepungua, havijakwisha, na kamati imeiona sababu. Si ukaidi wa wazazi. Ni chumvi. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, mtoto akiyaonja anayatema, mlezi anamwonea huruma, anatia vijiko viwili vya sukari ili yapite kooni. Maadamu maji ni hayo, katazo la sukari litabaki kwenye karatasi.

Kuna waliojaribu kuyachemsha zaidi. Kuchemsha huua vijidudu, lakini chumvi haiendi na mvuke. Maji hupungua, chumvi hubaki, na ladha huzidi kuwa mbaya. Klorini nayo haigusi chumvi. Dawa yake kwetu ni mvua, na wazee waliojenga majabia, yaani matangi ya kuvunia mvua, visiwani walilijua hilo kabla yetu.

Wengi husema tangi la kutosha ni ghali. Tupige hesabu. Watoto 20 wa mwaka 1 hadi 3, kila mmoja akinywa vikombe viwili vya mililita 240 kwa saa anazokaa kituoni, wanamaliza lita 10 hivi kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni lita 210 au zaidi kidogo. Tangi la lita 1,000, likiwa ni la kunywa tu, linavuka miezi minne, yaani msimu wote wa kaskazi. Kosa linalofanyika ni kuoshea vyombo na kudekia kwa maji hayo hayo; kazi hizo ziachiwe kisima. Na paa halihitaji kuwa kubwa: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo bati la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 25 hujaza tangi hilo, hata ukitoa sehemu moja ya tano inayopotea. Makuti hayafai, maji yake hutoka ya kahawia. Mwanzo wa kila mvua, lita 25 hadi 50 za kwanza zimwagwe, kwa sababu ndizo zinazosomba vumbi na mavi ya ndege. Kisha mdomo wa tangi ufunikwe kwa wavu mwembamba. Chikungunya ilipoikumba Lamu mwaka 2004, ulikuwa wakati wa ukame, na mbu walizaliana kwenye maji yaliyohifadhiwa majumbani. Birika za misikiti, yaani matangi ya kutawadhia, zilikuwa na visamaki vya kula viluwiluwi. Matangi yetu hayana.

Maji ya mvua pia hutiwa dawa, yaani klorini. Yakiwa na taka, yachujwe kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kwa maana klorini humalizikia kwenye taka na vijidudu hubaki. Fuata kipimo cha kifuniko kilichoandikwa kwenye chupa kwa ndoo ya lita 20, koroga, funika, subiri dakika 30. Tayarisha ya siku moja tu. Harufu ikiwakera watoto, yatayarishwe jioni yanywewe asubuhi.

Kwa ubaridi hakuna kinachoushinda mtungi. Uwekwe kivulini, juu ya kigoda, penye upepo, kwa kuwa maji yanayopenya udongo na kukauka nje ndiyo yanayoyapoza ya ndani. Mtungi uliowahi kuwekwa maji ya kisima hupoteza ubaridi, chumvi ikiziba vitundu vyake. Usuguliwe kwa brashi na maji moto bila sabuni, maana udongo hunywa sabuni. Maji yatolewe kwa kata ya mpini mrefu inayotundikwa, wala mkono usizame. Kuufukiza mtungi kwa ubani ni kuzuri, tuendelee nako, ila harufu nzuri si dawa ya kuhara.

Kwa umri, kanuni zetu ni hizi. Aliye chini ya miezi sita hapewi maji hata kaskazi ikiwaka, kwa sababu karibu sehemu tisa kati ya kumi za maziwa ya mama ni maji, na tumbo lililojazwa maji halina nafasi ya maziwa. Akiona kiu, aongezewe kunyonya. Maziwa yaliyokamuliwa yanyweshwe kwa kikombe kidogo. Joto likipita nyuzi 25, muda tuliozoea wa kuyaweka saa nne haufai, yapozwe kwa barafu. Anayetumia maziwa ya unga, maji yachemke, yasikae zaidi ya dakika 30 kabla ya kutiwa unga ili yasishuke chini ya nyuzi 70, kisha maziwa yapozwe kabla ya kunyweshwa, na yakipita saa mbili tangu kutayarishwa yamwagwe. Maji ya chumvi yasitumike humo kabisa. Mabango na zawadi za wauzaji wa maziwa hayo tusizipokee. Sheria ya mwaka 2012 inayodhibiti vibadala vya maziwa ya mama iko wazi.

Miezi 6 hadi 12, maji mililita 120 hadi 240 kwa siku, kwa kikombe, pamoja na chakula. Maziwa ya ng'ombe kama kinywaji yaanze baada ya mwaka. Wa miaka 2 hadi 3 asipite vikombe viwili vya maziwa kwa siku. Anayeshiba maziwa hukataa mbaazi na samaki, na maziwa yana madini ya chuma kidogo mno, damu hupungua.

Hapo nije kwenye chai. Mahamri kwa mbaazi ni chakula kizuri, lakini chai hukishika kile chuma cha mbaazi kikapita bure. Wapewe maziwa yaliyochemshwa na iliki, bila majani, bila sukari. Mwanzoni watalalamika, ila wanasahau upesi kuliko sisi wakubwa.

Juisi: chini ya mwaka, hapana. Mwaka 1 hadi 3, isizidi mililita 120 kwa siku, tena wakati wa chakula. Embe lililokamuliwa na kuchujwa limebaki na utamu bila nyuzi zake. Bora mtoto alitafune. Ukwaju na ubuyu haviwezi kunyweka bila sukari nyingi, ndiyo maana tumeviondoa kwenye ratiba pamoja na barafu za mifuko. Dafu limeruhusiwa mara moja moja. Lioshwe kabla ya panga kugusa, linywewe pale pale, lisilalishwe. Koroma halifai kwa hili, maji yake yamepungua na ladha imeshabadilika.

Dafu lisidhaniwe kuwa dawa ya kuhara, kwa kuwa sodiamu yake ni ndogo. Mtoto akiharisha apewe ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, na hapa kuna hatari niliyoagizwa na kamati niisisitize: pakiti nyingine ni za nusu lita, nyingine za lita nzima. Soma kabla ya kumimina. Ikichanganywa na maji machache, au na maji ya kisima chenye chumvi, chumvi huzidi mwilini na mtoto huumia zaidi. Chini ya miaka miwili ni mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo chepesi, kwa kijiko, polepole. Akitapika, subiri dakika 10, uanze tena. Akilegea, au macho yakiingia ndani, apelekwe hospitali huku akiendelea kunyweshwa njiani.

Mifereji ya paa isafishwe na nyavu zifungwe kabla ya mvua ya kwanza ya masika. Wasio na tangi waandikishe majina kwa katibu leo, kabla hatujatawanyika.