Kwa Nini Tunakuuliza Kuhusu Sigara Kabla ya Kukupandikiza Nywele

Katika fomu ambayo kila mteja wetu huijaza kabla ya kuonana na daktari, lipo swali linalouliza kama anavuta sigara, shisha au kiko, au kama anatumia ugoro, kuberi au tambuu yenye tumbaku. Ni swali linalojibiwa haraka kuliko yote, na kwa uzoefu wetu ndilo linaloongoza kwa majibu yasiyo ya kweli. Mteja huandika "hapana", kisha anapoinamisha kichwa ili ngozi ipigwe picha, kucha za vidole viwili vya mkono wa kulia zinaonekana zimeshika rangi ya chai ya rangi. Hatumlaumu. Wengi hudhani tunauliza ili tuwape mawaidha, na mawaidha ya sigara kila mtu ameshayasikia ya kutosha nyumbani kwake, msikitini au kanisani, na hata kwenye pakiti yenyewe. Sisi tunauliza kwa sababu za kikazi tu: jibu la swali hilo hubadilisha tarehe ya upasuaji, idadi ya vipandikizi tutakavyothubutu kupanda kwa siku moja na, mara nyingine, uamuzi wa kupanda au kutopanda kabisa.

Kupandikiza nywele si kuotesha nywele mpya, bali ni kuzihamisha. Nywele za kisogoni na za pembeni juu ya masikio kwa kawaida haziathiriwi sana na homoni ya DHT, ambayo ndiyo inayonyausha nywele za mbele na za utosini kwa wanaume wenye upara wa kurithi. Norman Orentreich, daktari wa ngozi wa New York, alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba nywele hizo zikihamishiwa mbele hubaki na tabia ya mahali zilikotoka. Siku hizi hutolewa kitita kimoja kimoja chenye nywele 1 hadi 4 pamoja na mizizi yake, mara nyingi kwa kifaa chenye mdomo wa duara ambao kipenyo chake ni takriban milimita moja. Kwa nywele zetu za Kiafrika kazi hii ni ngumu zaidi, kwa kuwa kinyweleo chenyewe kimejipinda chini ya ngozi kama ndoano, na mtoaji asiye na subira hukikata katikati. Vipandikizi vikishatolewa huwekwa kwenye maji ya chumvi yaliyopozwa, na kuanzia hapo vinaishi bila damu.

Hapo ndipo penye kiini cha suala letu. Kipandikizi kilichong'olewa hakina mshipa hata mmoja unaokilisha. Kikishaingizwa kwenye tundu lake jipya, kwa siku mbili tatu za mwanzo hujikimu kwa majimaji ya damu yanayochuruzika kwenye kuta za tundu hilo, kama mche wa mpunga uliotolewa kitaluni unavyojikimu kwa unyevu wa tope kabla mizizi yake haijashika. Kuanzia takriban siku ya tatu, mishipa midogo mno ya damu huanza kuchipua kutoka kwenye ngozi na kuungana nacho, na kwa muda wa wiki moja hivi huwa kimeshika imara kiasi kwamba hakitoki hata ukikigusa. Ustadi wa daktari hauna tena nafasi kubwa katika siku hizo. Mteja yuko nyumbani kwake amelala kwa kuinua kichwa juu ya mito miwili, na kinachoamua kama kipandikizi kitaishi ni damu anayoipeleka yeye mwenyewe utosini.

Moshi wa sigara huiharibu kazi hiyo kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Nikotini hubana mishipa midogo ya ngozi, kwa hiyo damu inayofika hupungua. Kaboni monoksidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hushikamana na himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo hata ile damu kidogo iliyofika huwa imebeba mzigo pungufu. Watafiti waliopima jambo hili na kuchapisha matokeo yao mwaka 1991 waliona kwamba kuvuta kwa dakika 10 tu hushusha oksijeni katika tishu za chini ya ngozi kwa muda unaokaribia saa nzima. Sasa tupige hesabu ya kawaida. Mtu anayemaliza pakiti moja ya sigara 20 kwa siku, akiwa macho kwa saa 16, anavuta sigara moja kila baada ya dakika 48. Maana yake ni kwamba ngozi yake haijapata nafasi ya kurudi katika hali yake kabla sigara nyingine haijawashwa, tangu asubuhi hadi anapolala.

Tena kuna ganzi. Dawa ya ganzi tunayoidunga kichwani huchanganywa na adrenalini, ambayo nayo hubana mishipa, na tunafanya hivyo kwa makusudi ili damu isitoke kwa wingi wakati wa kutoboa. Tofauti ni kwamba adrenalini tunaipima na tunajua itaisha saa ngapi, ilhali nikotini aliyokuja nayo mteja hakuna aliyeipima.

Madaktari wa upasuaji wa sura waliliona tatizo hili mapema kuliko wapandikizaji wa nywele. Mwaka 1984, katika taarifa kuhusu wagonjwa waliovutwa ngozi ya uso ili kuondoa makunyanzi, ilionekana kwamba hatari ya ngozi kufa na kubanduka ilikuwa takriban mara 12 zaidi kwa wavutaji kuliko kwa wasiovuta. Ngozi ya kichwa ina bahati ya kuwa na damu nyingi, ndiyo maana ajali ya namna hiyo ni nadra katika upandikizaji, lakini inapotokea hupenda eneo la katikati kuelekea utosini, ambako mishipa inayotoka pande zote huishia. Kwa mtu mweupe, dalili ya kwanza ni rangi ya ngozi kubadilika, na muuguzi huiona kwa urahisi. Kwa ngozi nyeusi dalili hiyo hujificha, na mara nyingi tunakuja kuigundua ikiwa imechelewa. Hiyo ni sababu nyingine ya kutegemea sana jibu la kweli kwenye fomu.

Tuna mfano wetu wenyewe, na si wa kujivunia. Miaka kadhaa iliyopita tulimhudumia dereva wa malori ya masafa, mwenye umri wa miaka 40 kasoro kidogo, aliyezoea kuvuta ili asisinzie katika safari za usiku za kwenda Tunduma. Alituhakikishia kwamba ameacha. Upasuaji ulikwenda vizuri, na siku iliyofuata alipokuja kusafishwa kila kipandikizi kilikuwa mahali pake. Siku ya tano alirudi akilalamika kwamba utosi unawaka. Tulikuta eneo dogo, lenye upana wa sarafu ya shilingi 200, limekuwa jeusi kupita ngozi iliyolizunguka, na likiguswa lilikuwa baridi. Ndipo aliposema kwamba usiku wa kwanza maumivu yalimkosesha usingizi, akavuta moja, kisha hakuhesabu tena. Eneo lile liligeuka kuwa kigaga kinene, na kilipobanduka baada ya wiki kadhaa kiliacha kovu lisiloota kitu, ingawa nywele za mbele ziliota kama ilivyotarajiwa. Hatuwezi kuapa kwamba kosa lilikuwa la sigara peke yake, kwa sababu nasi tulikuwa tumevisonganisha vipandikizi mno pale utosini, jambo ambalo tangu siku hiyo hatulifanyi kwa mtu yeyote mwenye historia ya kuvuta. Lakini vile vipandikizi vilivyokufa vilitoka kisogoni kwake, na akiba ya kisogo haiongezeki. Kilichopotea hakilipiki hata kama tungemrudishia fedha zake zote.

Wapo wateja wanaotuambia kwamba wao hawahitaji upasuaji, wanataka dawa tu, kwa hiyo sigara haiwahusu. Hapa ni lazima tuwe waangalifu tusidai kupita kinachojulikana. Minoksidili, ambayo asili yake ni dawa ya shinikizo la damu na ambayo ya kupaka iliidhinishwa Marekani mwaka 1988 kwa ajili ya upara, hurefusha kipindi cha nywele kukua. Finasteridi, iliyoidhinishwa mwaka 1997 kwa wanaume, hupunguza utengenezaji wa DHT. Hakuna hata moja kati ya hizo inayofutwa na moshi moja kwa moja. Tatizo ni kwamba unazitumia kuvuta upande mmoja huku sigara ikivuta upande wa pili. Katika utafiti wa Taiwan uliochapishwa mwaka 2007, ambao ulichunguza wanaume 740 wenye umri wa miaka 40 hadi 91, wale waliokuwa wakivuta sigara 20 au zaidi kwa siku walionekana kuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na upara wa wastani au mkubwa, hata baada ya umri na historia ya familia kuzingatiwa. Hilo halina maana kwamba anayeacha kuvuta ataota nywele zilizokwisha kupotea. Upara wa kurithi utaendelea na safari yake, na mtu yeyote anayekuuzia wazo kwamba kuacha sigara ni tiba ya kipara anakudanganya. Tunachosema ni kwamba haina maana kununua chupa ya dawa kila mwezi kwa miezi 6 au 12, ambao ndio muda wa kuona matokeo, huku ukiichomea nguvu zake barazani.

Kwa wateja wetu wa kike, ambao wengi huja kwa sababu nywele za pembezoni zimeng'olewa na misuko ya kubana na nywele bandia zenye uzito, kanuni ni ileile wakifika hatua ya kupandikizwa. Nao tunawauliza zaidi kuhusu shisha, kwa kuwa ndiyo wanayoitaja mara nyingi, tena kwa dhana kwamba ni mvuke wa matunda uliochujwa na maji.

Shisha haistahili sifa hiyo. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba kikao cha saa moja humfanya mtu avute moshi wenye ujazo wa mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja, na makaa yanayowekwa juu ya tumbaku huongeza kaboni monoksidi yake yenyewe. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017, lakini marufuku haijaiondoa kwenye fomu zetu. Sigara za kielektroniki hazina moshi wa kuungua, ni kweli, ila nyingi zina nikotini, na kwa kipandikizi cha siku ya pili nikotini ni nikotini. Ndivyo ilivyo kwa ugoro na kuberi. Viraka na pipi za nikotini ni suala gumu kidogo: ni afadhali mno kuliko kuvuta, kwa kuwa havina kaboni monoksidi, na kama ndivyo vitakavyokuwezesha kuacha tunakusihi uvitumie wiki za mwanzo, kisha uzungumze na daktari namna ya kuvipunguza kabla ya siku ya upasuaji.

Kuhusu muda, tunaomba wiki 4 kabla na angalau wiki 2 baada, ingawa 4 ni bora. Hatukuubuni muda huo sisi. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kwamba wavutaji wanaoacha takriban wiki 4 kabla ya upasuaji wowote hupunguza hatari ya matatizo, na kila wiki inayoongezeka baada ya hapo huboresha matokeo kwa asilimia 19. Anayeacha siku mbili tu kabla si kwamba hakufanya kitu, kwa kuwa kaboni monoksidi hutoka kwenye damu ndani ya siku moja au mbili, lakini uwezo wa ngozi kupona jeraha huhitaji wiki kadhaa kurudi.

Anayekwenda Istanbul kupandikizwa, kama wafanyavyo Waafrika Mashariki wengi sasa, azingatie kwamba kwa kawaida atapanda ndege kurudi nyumbani siku ya tatu au ya nne, yaani katikati ya kipindi kile kigumu, na hakuna muuguzi atakayemsubiri uwanjani. Tunawapokea wateja wa namna hiyo kwa ajili ya kusafishwa na kuangaliwa, na nao tunawauliza swali lilelile.

Ukijibu "ndiyo", hatukufungii mlango. Tunachukua picha za kichwa chako, tunaandika makadirio ya vipandikizi, tunakupangia tarehe iliyo mbele kwa wiki 5 au 6, na malipo ya awali yanabaki palepale. Asubuhi ya siku yenyewe, kabla ya sindano ya kwanza ya ganzi, muuguzi atakuuliza tena. Kama ulivuta usiku uliopita, mwambie. Utakunywa chai yako, tutafungua kalenda, na kisogo chako kitakuwa bado na akiba yake yote.