Mhariri, huyo ndugu aliyepotea msimfanye muuaji tena

Mhariri, salaam. Mi ni msomaji wa siku nyingi, ukurasa wa hadithi naanza nao kabla ya michezo, na kwangu gazeti likifika linagombaniwa kwa ajili ya hiyo stori tu. Sasa hii ya mapacha waliotenganishwa wachanga ilianza vizuri mno, ile nyumba yenye chumba kisichofunguliwa, yule mama anayegeuza mazungumzo kila akiulizwa mbona picha za zamani zimekatwa kwa mkasi, nikasema safari hii tumepata mwandishi. Halafu juzi pacha aliyepotea kaibuka na kumbe alikuwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, kashika kisu, anacheka peke yake usiku. Jamani!

Hivi kwa nini kila mkitaka kututisha mnamleta mgonjwa wa akili? Watu wenye ndugu zao Mirembe wanasoma gazeti hili pia, wanajua ukienda Dodoma kumtembelea mtu wako anakuuliza habari za nyumbani na anataka soda, basi. Jina la ile hospitali limeshafanywa tusi mtaani, gazeti lisiongezee. Na hata kwa ufundi wa hadithi tu, kisu kinanishtua mara moja, nikigeuza ukurasa kimeisha, usiku nalala vizuri kabisa.

Mnaikumbuka ile ya Kakamega, Kenya, 2019? Mabinti wa miaka 19 wanakutana kupitia Facebook kwa sababu sura ni moja, DNA inatoka wanakuwa kweli mapacha wa kufanana, mmoja alilelewa Nairobi na mama mwingine, na sisi wote tukalia mbele ya tv. Lakini pale Kakamega kulikuwa na binti wa tatu, aliyekua akijulikana ndiye pacha wa mmojawapo, na vipimo vilevile vikaonyesha aliyemlea siye aliyemzaa. Alivyojisikia ni yake mwenyewe, mi sisemi. Nasema mwandishi angekaa hapo. Hadithi zenu zote zinawafuata wawili wanaokumbatiana, hamna anayebaki chumbani na yule ambaye jana alikuwa pacha na leo anaangalia nguo za sare kabatini hajui amwachie nani. Hapo hamna muuaji, hamna hata wa kumlaumu kirahisi, na ndo maana panatisha.

Halafu hiyo DNA nayo. Shujaa wenu kachukua unywele kwenye kitana Jumamosi, Jumatatu ana majibu kwenye bahasha. Kwa sheria yetu ya vinasaba ya 2009 mtu haendi tu mwenyewe kwa Mkemia Mkuu kama anapima malaria, maombi yanapitia mahakama, ustawi wa jamii, polisi, wakili na kadhalika. Yaani mwandishi kapewa bure vikwazo vya kumsumbua mhusika wiki nzima, kaviruka!

Kama mnataka giza la kwetu nendeni msibani. Tuseme kuna binti alileta mchumba nyumbani, baba alipomwona kijana akauliza mama yako nani, akajibiwa, na kuanzia siku hiyo akawa hataki hata kusikia jina lake, mara kabila, mara kazi hana, binti akalia mpaka akachoka wakaachana. Mzee akafa. Siku ya tatu ya msiba yule kijana anaingia na mama yake, wamesimama pale turubai linapoishia, na shangazi mkubwa anawapelekea chai bila kuwauliza wao ni nani. Siri ya mtungi aijuaye kata. Binti anaangalia lile paji la uso la kijana, anaangalia picha ya marehemu mezani, hakuna aliyemwambia kitu bado. Mi hapo nisingelala. Siogopi kijana wala marehemu, namwogopa shangazi, maana alikuwepo siku ile mchumba alipoletwa, alikula na pilau, akaenda kwake.

Na haiishi hapo, kuna kikao cha ukoo, muhtasari unatakiwa Mahakama ya Mwanzo, warithi waorodheshwe, nani ataandika lile jina? Atatokea baba mdogo aseme hilo tutaliongea baadaye. Kama ni familia ya Kiislamu mtoto wa nje ya ndoa harithi kwa baba, kwa hiyo mama wa kijana atasema alifungishwa ndoa ya siri, na shekhe aliyefungisha keshakufa, na mke mkubwa anajua ni kweli ila amekaa kimya anahesabu shanga za tasbihi. Hapo una sehemu 20 bila tone la damu.

Basi ombi langu kwa mwandishi, kipaji anacho sikatai, huyo pacha wa sasa mnyang'anye kisu. Mkalishe sebuleni, mpe chai, aulize swali moja tu kuhusu ile picha iliyokatwa halafu asubiri jibu, tuone mama atafanyaje. Na "itaendelea" ya wiki iliyopita ilikatiza katikati ya sentensi, mstari wa mwisho haupo kabisa, tunaomba muurudie.

Msomaji wenu, Morogoro