Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kisima Kirefu, Handeni

Ndugu wanachama, salamu. Yale mnayoyajua nayapitia haraka: tangi limeoshwa, bomba lililopasuka njia ya sokoni limezibwa, hesabu zimekaguliwa na zimesainiwa. Umeme umefika kisimani, nimeufuatilia mwenyewe ofisi kwa ofisi kwa nauli yangu na risiti sijaleta.

Sasa kisima, maana ndo mnachokisubiria. Kuna maneno kwamba mwenyekiti kachukua hela za chama kaenda kuzifukia chini huko halafu katoa maji ya chumvi. Haya, mlitaka tufanyeje? Lambo likikauka tunagombania tope na ng'ombe, dereva wa boza anapanga bei anavyojisikia, na visima vifupi tulivyochimba vyote vimekauka mnaona. Maji ya chini kabisa hayaangalii mvua ya mwaka huu, yamekaa kwenye miamba miaka na miaka yakiyeyusha madini ya mawe, ndo chumvi yenyewe hiyo. Mtaalamu alilisema hili kabla hatujachimba, ila siku hiyo tulikuwa watu 23 kati ya wanachama 118, waliobaki mmelisikia kwenye grupu mkaja na hasira.

Halafu chumvi na chumvi hazilingani jamani. Bahari ina kama gramu 35 kwa lita, maabara wamesema yetu ni 3 hivi. Ng'ombe na mbuzi wanakunywa hivyohivyo, kufua mnafua japo sabuni inagoma kidogo. Ya kunywa yanataka mtambo wa kuchuja, na kwa chumvi ndogo mtambo unasukuma maji kwenye chujio kwa nguvu ndogo, kwahiyo umeme hauli kama wa kuchuja bahari. El Paso kule Marekani wana mtambo wa maji ya namna hii tangu 2007, na hawachuji yote, wanachuja sehemu halafu wanachanganya na ya kisima yenye chumvi kidogo. Israeli, jangwa la Negev, maji kama haya wanafugia samaki na kumwagilia mizeituni. Sisi tunanuna.

Mzee mmoja aliuliza mabaki, yaani maji ya chumvi kali yanayobaki baada ya kuchuja, yatakwenda wapi, swali la maana kuliko kelele zote za mwaka huu. Yakimwagwa ovyo yanaua shamba. El Paso wanayasukuma chini sana ardhini, sisi hela hiyo hatuna, labda tuchimbe kidimbwi tutandike turubai la plastiki yakaukie juani.

Ada sasa. Waliolipa ni 41 tu. Wengine 77, kwa elfu tatu ya kila mwezi, mnadaiwa milioni mbili na laki saba na ushee, na humohumo wamo wanaopiga kelele kuliko wote kuhusu matumizi.

Mtambo mdogo tunautarajia mwakani Mungu akipenda, wafadhili tunaongea nao. Mkutano mkuu ni Jumamosi baada ya adhuhuri, akidi isipotimia tuliopo tutaamua, asije mtu kunisimamisha barabarani Jumapili.