Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu wanachama, wazee walezi wa chama, na ninyi vijana mliojipanga viti vya nyuma kama kawaida yenu,

Mwaka jana nilisimama hapa nikajisifia fulana tulizowashonea vijana wetu. Vijana walivaa, wakaandamana kwa ngoma hadi uwanjani, mgeni rasmi akahutubia, tukala pilau, tukatawanyika. Katibu aliponiuliza baadaye ni uamuzi gani uliobadilika kwa sababu ya siku ile, nilikosa jibu.

Mwaka huu fulana hatukushona. Tuliamua vijana wenyewe wazungumzie afya yao ya uzazi pale mambo yanapoamuliwa: mkutano mkuu wa kijiji, Kamati ya Maendeleo ya Kata na kamati ya zahanati. Tulijifunza pia kuhesabu miezi. Mwaka wa fedha wa Serikali ya Tanzania huanza Julai 1, na bajeti ya halmashauri hupikwa mapema mno kabla ya hapo. Sisi miaka yote tulipeleka maombi yetu Juni, kwenye Siku ya Mtoto wa Afrika, chungu kikiwa kimeshaepuliwa. Safari hii tulianza Septemba, tukawahi kabla wanakijiji hawajazama kwenye korosho.

Ombi lilikuwa dogo. Binti akienda zahanati kuuliza habari za uzazi wa mpango, asiulizwe "mumeo yuko wapi?" mbele ya foleni iliyojaa shangazi zake. Kwenye kikao cha kata mzee mmoja alisema mambo hayo yamekwisha. Kijana wetu akamjibu kwa adabu kwamba utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta wasichana 22 katika kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata mimba. Wamepungua, kwa kuwa mwaka 2015/16 walikuwa 27, lakini hawajakwisha. Kikao kilinyamaza kidogo. Leo zahanati ile ina alasiri mbili kwa wiki za vijana, na mhudumu anafunga mlango. Pazia tulinunua wenyewe.

Kuna ukuta tuliogonga ambao sikuutarajia. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa wenye miaka 18 na kuendelea, na wengi wa vijana wetu ni wa miaka 15 na 16. Fikirieni hilo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakubali binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi, ila kijijini mkono wake hauhesabiwi. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vinavunja Katiba. Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Serikali ilipewa mwaka mmoja irekebishe sheria, na hadi leo tunasubiri. Mwanafunzi ana ulinzi tangu 2016, maana anayemwoa au kumpa mimba anakabiliwa na miaka 30 jela. Ila aliyemaliza darasa la saba na kubaki nyumbani, yeye nani anamlinda? Ndiyo maana tumewaomba wazazi watano wasimame mkutanoni kusoma barua zilizoandikwa na watoto wao. Si njia nzuri. Ndiyo tuliyonayo kwa sasa.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote halikuwa kwenye mpango kazi. Binti mmoja aliyejifungua alitaka kurudi shule, akaambiwa hakuna utaratibu huo. Wenzake wanne walichapa nakala ya waraka wa elimu wa Novemba 2021 unaoruhusu wasichana kurejea ndani ya miaka miwili, wakaupeleka ofisini, wakakaa kwenye benchi hadi saa nane. Ameanza kidato cha pili. Mimi nilisikia habari hizo wiki moja baadaye, na nakiri nilinuna kidogo kwa kutoshirikishwa, kisha nikaona aibu ya kununa.

Kuhusu unyago, yaani mafunzo ya jadi ya kumwingiza msichana utu uzima, naomba tuongee taratibu. Wapo wanachama wanaotaka tuupige vita. Vijana wetu walikataa, wakaenda kukaa na manyakanga, wale wanaoongoza mafunzo hayo. Wanachoomba ni mwali, yaani msichana anayechezwa unyago, asiwe mtoto wa miaka minane, na mafunzo ya kuishi na mume yasubiri. Manyakanga wawili wamekubali kwa likizo ya Desemba, wa tatu ametufukuza.

Wavulana tumewapoteza. Walikuja mwanzoni, wakaona mazungumzo ni ya hedhi na mimba, wakaenda zao mpirani. Kosa ni letu, maana hatukuwa na lolote la kuwauliza kuhusu wao.

Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27 umetubadilishia viongozi wengi. Wenyeviti wa vijiji tuliowazoea wameondoka, na chai tulizokwisha kuwanywesha zimekwenda nao. Tunaanza upya kubisha hodi.

Hesabu ataeleza mweka hazina. Mimi nina hoja moja, nayo ni ajenda namba 7: katiba yetu ibadilishwe ili makamu mwenyekiti awe mtu wa chini ya miaka 25, na taarifa hii mwakani aisome yeye. Nina miaka 58, ndugu zangu. Wale wanne wa kwenye benchi hawakunihitaji.

Naomba kuwasilisha.