Tuanze na miteremko wanakolala watu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie maporomoko ya ardhi, na hasa swali ambalo hupitwa haraka kila fedha za kinga zinapopatikana: maeneo ya hatari yakiwa mengi na bajeti ndogo, tuanze wapi?

Naandika kutoka Pemba, kisiwa cha vilima na mabonde, ambako mwenye kutaka kujenga mara nyingi hulazimika kukata kilima ili apate kiwanja. Nyuma ya jiko la jirani yangu, upande huu wa Mkoani, udongo uliokatwa umesimama wima kupita kimo cha mtu mzima, na juu yake ndipo lilipo karo la choo cha nyumba ya pili. Masika yakiingia, maji ya bati la nyumba hiyo ya juu huanguka pale pale ukingoni penye ufa, ambao mwaka jana uliingia vidole viwili na mwaka huu unaingia ngumi. Barabarani, si mbali na hapo, umejengwa ukuta imara wa mawe mahali ambapo udongo ukishuka utaziba njia siku moja au mbili. Siupingi, kwani wagonjwa na karafuu hupita njia hiyo. Ila ukuta ule huonwa na kila mgeni, na ufa wa jirani yangu huonwa na aliyekaribishwa chai tu.

Wataalamu wengi hupanga miradi kwa kulinganisha gharama na thamani ya mali itakayookolewa. Kwa hesabu hiyo nyumba ya udongo itashindwa na ghorofa daima. Ningependa kwanza tuhesabu watu wanaolala chini ya mteremko, kisha tuangalie dalili za udongo kuanza kusogea, ndipo tuulize bei.

Bei nayo si lazima iwe kubwa, kwa sababu adui mkuu ni maji yanayozama ardhini na kuulegeza udongo. Katika kisiwa cha Saint Lucia, huko Karibi, kuanzia mwaka 2004, wakaazi wa mitaa maskini ya milimani walishirikiana na wahandisi kuchora njia za maji, wakajenga mitaro na kuyaelekeza humo maji ya mapaa. Kimbunga Tomas kilipopiga mwaka 2010 na kuleta mvua kubwa mno, miteremko iliyotengenezwa namna hiyo ilisimama.

Mitaro haitibu kila kitu. Matope yaliyoshuka kutoka Mlima Hanang, Tanzania Bara, na kuufikia mji wa Katesh tarehe 3 Desemba 2023, yakaua watu zaidi ya 80, hayazuiwi kwa mchirizi wa saruji. Mahali kama pale fedha ziende kwenye tahadhari ya mapema na kuwapa watu viwanja penye usalama.

Kwetu Pemba, ninaomba masheha, yaani viongozi wa shehia (mitaa na vijiji vyetu), wapite nyumba kwa nyumba kabla ya masika pamoja na mhandisi, waandike kila ukingo uliokatwa na idadi ya wanaolala chini yake, na orodha hiyo ibandikwe katika ofisi ya shehia kabla ya zabuni yoyote kutangazwa. Jirani yangu ana watoto watano, na wawili kati yao hulala chumba kinachopakana na lile jiko.

Msomaji wako,
Mkoani, Pemba