Mapigano ya Auray: tujiandae kwa mjadala wa kesho

Wanakikundi, habari za jioni. Kesho saa 2 usiku tunajadili mapigano ya Auray, Bretagne (magharibi mwa Ufaransa), 29 Septemba 1364, ya kugombea utemi wa Bretagne. Tafadhali msichanganye akina Jean de Montfort wawili, baba na mwana. Aliyedai kiti cha utemi mwaka 1341, Mtemi Jean III wa Bretagne alipofariki bila mtoto, ni baba, ndugu wa marehemu kwa baba mmoja. Naye alifariki 1345. Aliyepigana Auray ni mwanawe. Mpinzani wao, Charles de Blois, alidai kupitia mkewe Jeanne de Penthièvre, binti wa ndugu wa Jean III.

Itazameni mishale kwa makini. Wapiga upinde wa Kiingereza, waliokuwa upande wa Montfort, walianza kama kawaida yao, ila Wafaransa wa Charles walikuja kwa miguu, wameshikamana, deraya nzito mwilini, na mishale haikufua dafu. Wapiga upinde wakatupa pinde, wakaingia kupigana ana kwa ana. Kwangu mimi kilichoamua ni kikosi cha akiba cha Hugh Calveley, kamanda Mwingereza wa Montfort: kila safu ilipolegea, kiliziba pengo kikarudi nyuma. Ubavu wa Charles ulipovunjika, hapakuwa na wa kuuziba. Charles akauawa, kamanda wake Bertrand du Guesclin akatekwa. Mkataba wa Guérande, uliomtambua Montfort kuwa mtemi, ukafuata Aprili 1365, nao tutauchambua.